Msitu wa Mwananchi na Mkono wa Serikali

Ndugu zetu wa Igamba, katika Wilaya ya Mbozi, ni wakulima. Kahawa ndiyo inayowapa fedha, mahindi na maharage ndiyo yanayowalisha. Na mti ndio unaopika chakula hicho, unaochoma matofali ya nyumba zao, na unaotunza maji ya vijito wanavyooshea kahawa yao. Kila mwaka mashamba yanapoandaliwa kungojea mvua za Novemba, panga na moto hukikuta kipande cha msitu kilichosalia kilimani au bondeni, na hapo huzuka swali ambalo si la Igamba peke yake: miti hii ni ya nani, na ni nani atakayepata hasara itakapokwisha?

Wengi hujibu upesi kwamba misitu ni mali ya Serikali. Jibu hilo si sahihi, na kwa kuwa limezoeleka limeleta madhara makubwa. Tathmini ya misitu ya Tanzania Bara, ambayo matokeo yake yalitolewa mwaka 2015, ilionyesha kuwa tunazo hekta milioni 48.1 za misitu. Katika hizo, karibu asilimia 46 zimo ndani ya ardhi ya vijiji, na asilimia 7 hivi zimo mikononi mwa watu binafsi. Misitu ya Serikali Kuu ni kama asilimia 35. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya misitu yetu yalindwa, au yaharibiwa, na wanavijiji na wenye mashamba, na wala si na askari wa misitu.

Tathmini hiyo hiyo ilionyesha kwamba kati ya mwaka 1995 na mwaka 2010 tulikuwa tukipoteza hekta 372,816 za misitu kila mwaka, na kwamba matumizi yetu ya miti yalifikia meta za ujazo milioni 62.3 kwa mwaka, hali misitu inayoruhusiwa kuvunwa yaweza kutoa milioni 42.8 tu bila kudhoofika. Mfugaji anayechinja ng'ombe wengi kuliko ndama wanaozaliwa hahitaji kuelezwa mwisho wa zizi lake. Na kwa kuwa misitu ya hifadhi za Taifa ina walinzi, upungufu huo huangukia zaidi pale pasipo na mlinzi, yaani kijijini.

Kwa hiyo twauliza: Serikali yamsaidiaje huyu mwenye zaidi ya nusu ya misitu ya nchi? Maoni yetu, ambayo tutayaeleza hapa bila kuzunguka, ni kwamba sheria imempa mwanakijiji msitu, lakini msaada alioupata hadi leo umekuwa zaidi wa makatazo kuliko wa uwezo. Na msitu ambao mwenyewe hawezi kuuvuna kwa halali utavunwa na mwingine kwa magendo.

Tuanze na sheria, maana kuna wanachama wengi, hata viongozi wa matawi, ambao hawajapata kuelezwa yaliyomo. Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 ilikubali kwa mara ya kwanza kwamba wananchi waweza kuwa wasimamizi na wenye misitu, si wasaidizi wa Bwana Misitu tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaiweka ardhi ya kijiji chini ya Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu wake. Kisha ikaja Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kwa sheria hiyo, Halmashauri ya Kijiji, ikiwa Mkutano Mkuu umeridhia, yaweza kuitangaza sehemu ya ardhi yake kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji. Kikundi cha watu ndani ya kijiji nacho chaweza kupewa msitu wa jumuiya. Na mtu mwenye shamba lake, aliyepanda milingoti au misindano, au aliyeuacha mwitu wa asili usimame juu ya ardhi aliyoimiliki kihalali, huyo ana msitu wa binafsi unaotambuliwa na sheria.

Haki hizo si za jina tu. Kijiji chenye msitu wake kwa taratibu hizo chaweza kutunga sheria ndogo, kuweka doria, kumkamata mharibifu, kumtoza faini, na kupanga bei ya mti wake; na mapato hubaki kijijini. Nchi chache za Afrika zimekwenda mbali kiasi hiki katika kuwaamini wanavijiji wao. Hatuoni sababu ya kutojivunia jambo hilo.

Lakini tazama njia inayompasa mwanakijiji kuipita ili aifikie haki hiyo. Kwanza mipaka ya kijiji ijulikane na jirani wakubaliane, jambo ambalo laweza kula miezi. Kisha kipatikane Cheti cha Ardhi ya Kijiji. Kisha ufanywe mpango wa matumizi bora ya ardhi, kama inavyoagizwa na sheria ya mwaka 2007, ambao wataka wapimaji, ramani, vikao na posho za wataalamu. Kisha ichaguliwe kamati ya maliasili ya kijiji, msitu upimwe, miti ihesabiwe kwa aina na unene, uandikwe mpango wa usimamizi, zitungwe sheria ndogo. Na hizo zipelekwe Halmashauri ya Wilaya zikakubaliwe. Hatusemi kwamba hatua hizi ni za upuuzi. Kila moja ina maana yake, na kijiji kilichoruka hatua ya mipaka kimejitafutia ugomvi wa miaka kumi. Tusemalo ni kwamba hakuna kijiji cha wakulima wa kahawa kiwezacho kuzilipia zote kutoka katika mfuko wake. Ndiyo maana ukichunguza vijiji vilivyofika mwisho wa njia hiyo, vingi utakuta vilisaidiwa na mradi wenye fedha za kutoka nje: Norwei hapa, Finlandi pale, Uswisi kwingine. Mahali ambapo mradi haukufika, sheria imebaki katika makaratasi. Haki inayotegemea kama wilaya yako ilipendwa na mfadhili au haikupendwa, hiyo bado haijawa haki ya raia.

Wapo wanaosema kwamba ugumu hauko katika fedha, bali katika mwananchi mwenyewe, ambaye eti hajali miti. Kwa hao tuna mfano wa Shinyanga.

Wasukuma walikuwa na desturi ya kuacha sehemu ya malisho ijifunge wakati wa mvua ili mifugo ipate nyasi wakati wa kiangazi. Sehemu hiyo huitwa ngitili, na ndani yake miti huota yenyewe. Zilikuwapo ngitili za ukoo na kijiji, na zilikuwapo za mtu mmoja mmoja. Katika enzi ya Waingereza miti ya nchi ile ilifyekwa kwa makusudi ili kumfukuza mbung'o. Kisha pamba ikapanuka, mifugo ikaongezeka. Na watu walipohamishiwa katika vijiji katika miaka ya 1970, wengi waliziacha ngitili zao nyuma, zikabaki bila mwenyewe. Kilichofuata kila mtu alikiona. Mkoa ukaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyojulikana kwa jina la HASHI, nayo haikuanza kwa kupanda miti mingi kwa amri, bali iliwarudishia watu desturi yao na uhakika wa kwamba ngitili ya mtu ni ya mtu, na ngitili ya kijiji ni ya kijiji. Mabwana misitu walikaa na wazee, walisaidia miche, walisaidia sheria ndogo. Katika muda wa miaka kumi na minane hivi, zaidi ya hekta 300,000 zilirudia kuwa na miti katika mkoa ule wa zamani. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo la Umoja wa Mataifa.

Msukuma wa mwaka 1980 na Msukuma wa mwaka 2000 ni mtu yule yule. Kilichobadilika ni uhakika wake wa kesho.

Babati nako kuna funzo, nalo ni chungu kidogo kwa watumishi wa Serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwapo mpango wa kuuchukua msitu wa miyombo wa Duru-Haitemba, wa hekta kama 9,000, na kuufanya msitu wa hifadhi wa Serikali. Wanavijiji waliposikia kwamba msitu utachukuliwa, waliingia wakaanza kukata wawezacho kabla haujawatoka. Nani asiyefanya hivyo akiambiwa kwamba zizi lake kesho litakuwa la mwingine? Mwaka 1994 mpango huo uliachwa, na vijiji vinane vinavyouzunguka msitu vikakabidhiwa kuulinda. Kila kijiji kikachukua sehemu yake, kikaweka walinzi wake, kikafukuza wachoma mkaa. Msitu ule ule uliokuwa ukikimbiliwa kwa mashoka ukaanza kupona, na Sheria ya mwaka 2002, kwa sehemu kubwa, ilijifunza kutoka huko.

Basi tukirudi Mbozi, tusije kusema kwamba Mnyiha hajui thamani ya msitu. Wanyiha walikuwa wayeyushaji na wafua chuma waliojulikana kabla ya ukoloni, na chuma hakiyeyuki bila makaa ya mti mgumu. Watu waliotegemea kazi hiyo kizazi baada ya kizazi walijua mti upi hukatwa na upi huachwa. Leo Igamba imejaa mashamba. Watu wameongezeka, kahawa na parachichi vimetafuta nafasi, na mtoto anayeoa hutaka ekari yake. Mwenye kusema kwamba kila kipande cha mwitu kirudishwe kama kilivyokuwa zamani anaota. Tunachozungumzia ni vilele vya vilima, kingo za vijito, chemchemi, na vile vipande vya miti vya mtu na mtu vilivyo pembeni mwa mashamba. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 za chanzo cha maji, na mwenye kupanda milingoti karibu na chemchemi, akitumaini nguzo za haraka, atakuja kuteka mchanga. Hilo wazee wanalijua. Vijana wengine wamelisahau.

Sasa tuje kwenye jambo linalouma zaidi, ambalo ni biashara. Upande wa magharibi wa Mbozi uko mji wa Tunduma, mlango wetu mkubwa wa kwenda Zambia. Malori hupanga foleni huko usiku na mchana. Madereva, makuli, mama lishe, wafanyakazi wa forodha na wa reli ya TAZARA, wote hula, na jiko lao kwa wengi ni la mkaa. Mfanyakazi wa Tunduma anunuapo gunia la mkaa hajui limetoka msitu gani, wala muuzaji hatamwambia. Hatumlaumu. Mshahara wake haumruhusu kuchagua sana, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 umejipa hadi mwaka 2034 kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo. Hata ukifanikiwa kama ulivyopangwa, kuna miaka mingi ya mkaa mbele yetu. Swali ni kama mkaa huo utatoka katika msitu wenye mpango au katika msitu usio na mwenyewe.

Kila mara Serikali inapopatwa na hofu juu ya mkaa hukimbilia marufuku. Mwaka 2006 mkaa ulipigwa marufuku nchi nzima. Bei zikapanda mijini, watu wakalalamika, na baada ya majuma machache marufuku ikalegezwa. Mti haukuokolewa. Kilichookolewa, kama kipo, ni mfuko wa yule aliyekuwa na stoo iliyojaa siku ile ya tangazo.

Huko Kilosa, katika Mkoa wa Morogoro, ilijaribiwa njia nyingine tangu mwaka 2012. Vijiji vilivyokuwa na misitu yao vilitenga sehemu ya msitu kwa mkaa, vikaigawa katika vipande vidogo vya meta 50 kwa 50, vikakata kipande na kuacha cha jirani, bila kung'oa visiki na bila kulima palipokatwa, ili miti ichipue yenyewe na kipande hicho kisirudiwe mpaka miaka 24 ipite. Mchomaji alilipa ushuru kijijini, akapewa stakabadhi. Kijiji kikapata fedha za madarasa na zahanati na za posho ya walinzi wa ile sehemu kubwa isiyokatwa. Mkaa ulilinda msitu! Jambo hilo liliwashangaza wengi, na wengine mpaka leo hawalipendi. Lakini Kanuni za mwaka 2019 kuhusu uvunaji wa magogo, mbao, nguzo na mkaa zilipotolewa, zilileta masharti mapya ya idhini juu ya mipango ambayo vijiji vilikwisha kuikamilisha, na biashara hiyo halali ikapata misukosuko. Yule wa magendo hakupata msukosuko wowote. Yeye haombi kibali, na kanuni mpya kwake ni habari ya magazetini tu.

Kwa upande wa mbao, Kilwa imetangulia. Mwaka 2009 vijiji vya huko, Kikole kikiwa miongoni mwao, vilipata hati ya kimataifa ya usimamizi bora wa misitu, vikiwa vya kwanza katika Afrika kuipata kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Vijiji ambavyo zamani viliuza gogo la mpingo au la mninga kwa bei ya kutupa, kwa mtu aliyekuja na lori usiku, vilianza kuuza mchana kwa bei yao vyenyewe. Tofauti ya bei hiyo ndiyo iliyowaleta walinzi kazini. Ulinzi wa msitu ni kazi, na mfanyakazi msomaji wa ukurasa huu anajua kwamba kazi isiyo na ujira haidumu, hata ikihubiriwa vipi.

Ndiyo sababu twapata mashaka tunaposikia msaada wa Serikali ukihesabiwa kwa idadi ya miche iliyogawiwa katika sherehe za kupanda miti. Miche ni mizuri. Lakini ni nani aliyewahi kurudi mwezi wa Agosti kuihesabu iliyo hai?

Tutazame pia msitu wa mtu binafsi, maana Igamba nao upo kwa wingi wa viraka vidogo. Mkulima apandaye misindano kwa mbao za kweli hana budi kungoja miaka kumi na mitano au zaidi. Katika mwaka wa sita mtoto wake anafaulu kwenda sekondari, au mama anaumwa, naye hana kingine cha kuuza. Anakuja mnunuzi na mashine ndogo ya kupasulia mbao, zile ambazo watu wa Nyanda za Juu Kusini huziita dingdong, anavichukua vijiti vile kwa bei anayoitaka yeye, na mkulima amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya jasho lake. Hayo yameonekana Njombe na Iringa, walikopanda miti watu wengi kuliko mahali pengine popote nchini. Mpango wa Panda Miti Kibiashara, ulioanza mwaka 2014 kwa ushirikiano wa Serikali yetu na Finlandi, ulikwenda huko, ukawakusanya wapandaji katika vyama, ukahimiza mbegu bora, na kuwafundisha kupunguza na kupogolea miti. Mwaka 2017 vyama hivyo viliunda umoja wao wa taifa. Mtu mmoja mwenye ekari mbili hawezi kubishana na mnunuzi. Mia mbili wenye ekari mia nne waweza kumngoja mpaka apandishe bei. Wakulima wa Mbozi, ambao wamezoea vyama vya ushirika vya kahawa, hawahitaji kufundishwa maana ya maneno haya. Wanachohitaji ni mbegu ya kuaminika, mtaalamu wa kuwatembelea, na mkopo mdogo wa kumvusha mkulima ule mwaka wa sita bila shoka. Mfuko wa Misitu Tanzania upo, ulianzishwa kwa Sheria ya Misitu yenyewe, na kazi yake mojawapo ni kuwasaidia wananchi. Ni watu wangapi katika vijiji vya Igamba wamepata kuisoma fomu yake ya maombi?

Aidha, mwenye miti yake mwenyewe, aliyeipanda kwa mikono yake, akitaka kuisafirisha mbao yake lazima apate hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Twaelewa sababu: bila hati hiyo, mwizi wa msitu wa Serikali angesema kwamba mbao ni za shamba lake. Lakini hati ipatikanayo mbali, kwa siku nyingi na kwa nauli ya kwenda na kurudi, humfanya mwema atamani njia ya panya. Hati hiyo itolewe karibu na shamba.

Kuna jambo la ndani zaidi, ambalo magazeti hayalizungumzi mara nyingi kwa kuwa linahusu mpangilio wa ofisi. Misitu ya Taifa husimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, uliozinduliwa mwaka 2011 chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Wakala huo una mapato yake, magari yake, na askari wa jeshi la uhifadhi. Misitu ya vijiji, kwa upande mwingine, husaidiwa na Bwana Misitu wa wilaya, ambaye mwajiri wake ni Halmashauri, na Halmashauri iko chini ya TAMISEMI. Huyu mara nyingi ni mmoja au wawili kwa wilaya nzima, na pikipiki yake hungoja mafuta. Matokeo yake ni kwamba yule mwenye gari hana wajibu wa moja kwa moja wa kukisaidia kijiji, na yule mwenye wajibu hana gari. Halmashauri nayo, inapohesabu mapato, huona ushuru wa kahawa na mahindi mbele yake. Msitu ambao utaleta faida baada ya miaka mitano haumo katika hesabu ya mwaka huu. Hapa ndipo msaada unapopotelea, wala hauhitaji mfadhili kutoka Ulaya kuupata tena. Wahitaji Wizara mbili kukaa meza moja.

Hatutakuwa wakweli tukiilaumu Serikali tu. Wako wenyeviti wa vijiji waliouza msitu wa wote kwa muhuri wa kijiji, bila mkutano, na fedha hazikuonekana. Ziko kamati za maliasili ambazo wajumbe wake ni ndugu na mashemeji. Iko mikutano mikuu isiyoitishwa, ingawa utaratibu unataka iitishwe kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Mama zetu, ambao ndio wanaobeba kuni na ndio wanaojua chemchemi ipi imeanza kupungua, huitwa kupika siku ya mkutano badala ya kuitwa kusema. Mwanachama ambaye anakaa kimya katika mkutano wa namna hiyo ameshiriki. Na mwananchi anayechoma shamba wakati wa upepo, kisha akasema moto ulikuja wenyewe, huyo naye tusimfiche.

Juu ya hayo yote sasa imekuja biashara mpya ya hewa ya ukaa. Katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, vijiji vinavyoulinda msitu wa milima ya Ntakata vimelipwa mabilioni ya shilingi kwa kutokukata, na habari hizo zimeenea. Kanuni za biashara hiyo zilitolewa mwaka 2022. Twafurahi kwa ajili ya ndugu zetu wa Katavi. Lakini ajaye na mkataba wa miaka thelathini ulioandikwa kwa Kiingereza, akataka sahihi ya Mwenyekiti kabla ya jua kutua, asitiwe sahihi. Msitu wa Ntakata ni mkubwa mno. Vipande vya Igamba ni vidogo na vimetawanyika, na hesabu zake hazitafanana. Kijiji kisicho na cheti cha ardhi wala mipaka iliyokubaliwa hakina cha kuuza katika soko hilo, na dalali analijua hilo kuliko kijiji.

Tunayoyaomba kwa ajili ya Igamba, na kwa kila tarafa inayofanana nayo, si makubwa. Bajeti ya Halmashauri ya Mbozi iwe na kifungu cha kupima mipaka na kufanya mipango ya matumizi ya ardhi kwa vijiji vyenye misitu, hata kama ni vijiji vitatu kwa mwaka, bila kungoja mradi. Wakala wa Huduma za Misitu uagizwe kutoa sehemu ya mapato yake na magari yake kumsaidia Bwana Misitu wa wilaya. Kijiji kilichokamilisha mpango wake kiachwe kivune kwa mpango huo, na kanuni zinapobadilishwa wanavijiji waulizwe kabla, wala si kuarifiwa baadaye. Nasi wanachama, kabla ya mvua za Novemba kuanza, tuudai mkutano mkuu wa kijiji na tumtake Mwenyekiti alete mezani mambo mawili: ramani ya ardhi ya kijiji, na daftari la mapato ya miti iliyokatwa tangu mkutano uliopita. Asiyekuwa navyo aulizwe sababu mbele ya watu, na jibu lake liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.